Eda ya Pili ya Bi Time

Neno lenyewe lilisemwa kisimani, tena kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa na wengi lakini wewe anataka ulisikie vizuri. Bi Mize alikuwa anavuta kamba ya ndoo. Akaiachia, akamgeukia Mwanawema.

"Mie si mtu wa maneno, mwanangu, unanijua. Lakini watu wanasema maradhi ya mamako si ya uzee. Wanasema ni eda. Ile eda ya marehemu babako hakuikaa ikatimia. Na eda ikivunjwa, humrudia mwenyewe kichwani."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani, Bi Mize?"

"Watu, basi! Kwani watu wana majina? Chota maji wende zako, mie sikukwambia kitu."

Mwanawema alichota maji, akajitwika, akarudi nyumbani. Njia nzima ya kijiji kile cha Gando, maji yakimdondokea mabegani, neno lilikuwa linatembea naye. Alipotua ndoo, neno halikutua.

Lingekuwa la uongo mtupu, pengine angelitema. Lakini lilikuwa na punje ya kweli ndani yake, na neno la namna hiyo ndilo baya. Mzee Pandu, babake, alifariki msimu wa karafuu, miaka mitatu nyuma. Mamake, Bi Time, akakaa eda kama mwanamke yeyote aliyefiwa na mume: nguo nyeupe, hana hina, hana wanja, hana udi, yuko nyuma ya pazia miezi minne na siku kumi. Eda ile haijafika wiki, siku moja watu wote wako shamba, mawingu yakajikusanya juu ya Gando ghafla. Uani palikuwa na majamvi yametandikwa karafuu. Zilikuwa karafuu za mwisho alizozichuma Mzee Pandu kwa mikono yake. Karafuu ikirowa maji huwa mpeta, haina bei wala harufu. Bi Time akasikia tone la kwanza juu ya makuti. Hakufikiri. Akatoka mbio kichwa wazi, akawa anakunja jamvi moja baada ya moja na kulivutia ukumbini, mvua inampiga, nguo nyeupe imemganda mwilini. Wachumaji wanaume waliokuwa wanakimbilia makwao wakamwona. Akarudi ndani, akaendelea na eda yake mpaka ikaisha, akaogeshwa, akatoka. Hakuna aliyesema kitu wakati ule. Waliliweka moyoni.

Mwaka mmoja baadaye ndipo alipoanza kusahau. Kwanza alitia chumvi mara mbili. Halafu akaingia jiko la jirani akawasha moto, akipika, huku mwenye jiko amesimama mlangoni anamtazama. Halafu akamsahau Mwanawema mwenyewe, siku nyengine akimwita kwa jina lake, siku nyengine akimwita "yule msichana", na siku nyengine akimwambia kwa adabu, "Bibi, nimekaa sana kwenu, niruhusu sasa niende kwetu."

Ilikuwa kazi, msikilizaji. Ilikuwa kazi isiyoonekana. Mtu akilima, jioni utaliona tuta. Mwanawema alikuwa anashinda kutwa kumlinda mtu mmoja asiingie kisimani, asile sabuni, asitoke na kanga moja, na jioni ukimwuliza umefanya nini leo, hana cha kukuonyesha ila nywele hazikusukwa na wali umeungua. Watoto wake walikula wali ulioungua mpaka wakauzoea. Karafuu za watu zilichumwa, za kwao zikapasukia mtini, kwa sababu mumewe Msellem alikuwa peke yake juu ya ngazi. Kaka yake Othman alikuwa fundi cherehani Chake Chake. Alipokuja siku ya sikukuu alimbusu mama mkono, akalia kidogo, akamwambia dada yake, "Mshike vizuri mama, wewe ndiwe mtoto wa kike," akapanda basi akarudi kwenye cherehani yake.

Na majirani? Mwaka ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi uliorudiwa, na siasa ilikuwa imeshaingia hata kwenye vyungu. Huyu chama hiki, yule chama kile; hawaazimani moto, hawaalikani harusi. Bi Mwanabaraka, ambaye nyumba yake na ya kina Mwanawema ziligusana makuti, alikuwa hajavuka kizingiti chao tangu mavuno yaliyopita. Yeye ndiye mwosha maiti wa wanawake pale kijijini, na ndiye anayewakalisha eda wafiwa na kuwaogesha wakimaliza. Alikuwa ameapa mbele ya watu: "Na wao wana waosha wao. Mie na wao hatuzikani."

Basi Mwanawema alikuwa peke yake na mamake, na katikati yao lile swali. Bi Time aliliuliza kila siku.

"Pandu yuwapi?"

Na Mwanawema, tangu zamani, alikuwa na jibu lake: "Kenda shamba, mama. Atarudi."

"Na jua hili? Mchukulieni maji." Kisha anakaa mlangoni na ukili wake wa mkeka, anasuka. Kichwa kilikuwa kimesahau mengi lakini vidole havikusahau. Majani ya miyaa yanapanda, yanashuka, ukili unarefuka mapajani mwake, na yeye anasubiri, ameridhika. Jioni hakumbuki la asubuhi. Kesho anauliza tena.

Lakini baada ya neno la kisimani, jibu lile likaanza kumlemea Mwanawema. Akajiambia: mimi ndiye ninayemzidishia. Baba kafa, mimi nasema yuko shamba. Eda imevunjwa, na mimi naifunika kwa uongo. Mola atamponya vipi mtu ambaye mwanawe anamdanganya kila siku? Akalala na fikra hizo, akaamka nazo, na siku ile alipomkuta mamake amesimama njiani, nguo imelowa mkojo, wasichana wanacheka, akaamua.

"Nitamkalisha eda upya," alimwambia mumewe. "Aikae yote, itimie. Itakapokwisha, na akili itarudi."

Msellem alikuwa ananoa kisu. Akakiweka chini. "Eda gani ya mtu aliyekufa miaka mitatu?"

"Ile aliyoivunja."

"Kaulize kwanza. Mwalim Silima yupo pale msikitini, nikamwulizie?"

"Nenda kamwulize, kesho mji mzima ujue mamangu alitoka edani! Hayo yanayosemwa hayakutoshi?"

"Mwanawema, mke wangu. Umechoka."

"Sikuchoka mie!" alisema, na machozi yakamtoka kwa ghadhabu, kwa sababu alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

Msellem akachukua kisu chake akaendelea kunoa. Alikuwa mtu mwema, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba akinyamazishwa hunyamaza.

Chumba cha ndani kikafagiliwa. Dirisha likazibwa kwa gunia. Mwanawema akamvisha mamake nguo nyeupe, akamkalisha juu ya mkeka, akashika mikono yake miwili. Alikuwa ameyapanga maneno. Alidhani atayasema mara moja tu.

"Mama. Baba amefariki. Uko edani sasa. Usitoke."

Bi Time akamtazama. Uso wake ulikunjuka taratibu kama mtu anayeamshwa. "Pandu?"

"Ndiyo, mama."

"Pandu wangu? Kafa lini? Mbona sikuitwa? Nilikuwa wapi mie?" Na akalia kilio ambacho Mwanawema alikuwa amekisikia mara moja tu maishani mwake, siku ile yenyewe ya mauti. Alimlilia mumewe kwa jina na kwa sifa zake, akamwuliza kwa nini hakumuaga, akauliza nani kamshika kichwa, nani kamtia maji mdomoni. Mwanawema alijibu yote. Walilia pamoja mpaka adhuhuri, na katika kilio kile Mwanawema alipata aina ya raha. Akaona kweli imesemwa, kazi imeanza vizuri.

Asubuhi ya pili Bi Time aliamka, akajinyoosha, akaangalia lile gunia dirishani.

"Mbona giza? Pandu yuwapi?"

Hapo ndipo Mwanawema alipoelewa kazi aliyojipa. Asipomwambia, mama atatoka, na eda itavunjika tena. Akimwambia, mama atafiwa tena. Alisimama pale na kikombe cha uji mkononi, na uji ukapoa. Kisha akamwambia.

Na kesho yake akamwambia. Na keshokutwa.

Wako wanaodhani mtu aliyepotewa na akili haumii, kwa kuwa anasahau. Kusahau anasahau neno. Maumivu yenyewe hayendi popote. Wiki zilivyopita, Bi Time alianza kuamka akiwa tayari na huzuni, bila kujua ya nini. Alikuwa anazungusha macho chumbani kama mtu aliyepoteza kitu, na ukimwambia, hushtuka kisha husema pole pole, "Nilijua. Nilijua kuna jambo." Ukili akauacha. Mwanawema alimwekea miyaa mapajani, ikaanguka. Uji alikuwa anaupokea na kuushika mdomoni bila kuumeza. Miguu yake, iliyokuwa ikimtorosha kutwa, ikavimba kwa kukaa, na siku alipotaka kusimama akashindwa. Mwanawema aliona yote hayo. Lakini akajiambia, dawa haiwi tamu. Tumeshaanza safari, tutarudije?

Na mwenyewe alikuwa amefungika pamoja naye. Hakukuwa na wa kumpokea. Akitoka kupika, mama anagonga mlango na kuita, "Nifungulieni, nimefiwa!" Akirudi, chungu kinaungua. Siku moja, miguu haijavimba bado, Bi Time alikuwa anamsukuma apite, na Mwanawema akamshika mkono kwa nguvu akamkalisha, na vidole vyake vikabaki vimejichora kwenye ngozi ile nyembamba. Bi Time akautazama mkono, akamtazama yeye, akasema kwa upole, "Bibi, nimekukosea nini?"

Mwanawema alitoka uani akakaa nyuma ya banda la kuku akatafuna ncha ya kanga yake ili watoto wasimsikie.

Ilikuwa mwezi wa pili wa eda ile, asubuhi, Bi Time ameshaambiwa na ameshaanza kulia, ndipo mlango wa mbele ulipopigwa hodi.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ilikuwa ya Bi Mwanabaraka. Mwanawema akadhani masikio yamemdanganya. Akatoka, akamkuta mwanamke yule mnene amesimama kizingitini, amejitanda kaniki ya msibani, na mkononi ana kikapu cha mchele.

"Nimekuja msibani," alisema Bi Mwanabaraka bila kumwangalia usoni. "Nani kafa?"

"Hakufa mtu, Bi Mwanabaraka."

"Hakufa mtu! Na kilio cha kila asubuhi kinachopita kwenye makuti yangu ni cha jogoo?"

"Ni mama."

"Nasikia kuwa ni mama. Ndilo lililonileta. Siku zote hizi najizuia, nasema hao si wenzetu, wana chama chao, nao chama kiwafute machozi. Leo nimeshindwa. Mamako ndiye aliyenizalisha wanangu wote, na mimi nikae kwangu ninywe chai, yeye analia? Siasa gani hiyo? Nipishe."

Alipita. Aliingia chumba cha ndani, akasimama gizani mpaka macho yake yakazoea. Aliona gunia. Aliona nguo nyeupe. Mikono yake ilikuwa imeogesha wafiwa wa Gando nzima, haikuhitaji kuelezwa alichokiona. Akageuka taratibu.

"Eda ya nani hii?"

Mwanawema akamweleza. Yalitoka yote kwa pamoja, kisima na Bi Mize, mvua na majamvi, eda iliyorudi kichwani. Bi Mwanabaraka alisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Na kila asubuhi unamwambia?"

"Nisipomwambia atatoka."

"Kwa hivyo Mzee Pandu, Mungu amrehemu, sisi sote alitufia mara moja. Mamako umemfisha mume kila kukicha."

Mwanawema akainama akakusanya miyaa iliyoanguka mkekani.

"Sikiliza, mwanangu, na mie hii ndiyo kazi yangu. Eda ni siku. Siku zikipita, imekwisha. Hata mwanamke ambaye mume kamfia safarini, habari ikamfikia muda umeshapita, hana eda ya kukaa. Haiwekwi akiba, hailipwi kama deni la saumu. Kama mamako kutoka siku ile ya mvua kulikuwa kosa, basi ni lake na Mola wake, na Mola aliiona ile mvua. Na sasa hana akili timamu, kalamu imeshanyanyuliwa, haandikiwi. Sasa wewe unamwandikia nini?"

"Wanasema—"

"Wanasema! Waliosema wako wapi? Nani kati yao kaja kumgeuza ubavu mamako? Mize kaja?"

"Hakuja."

"Wala mimi sikuja," alisema Bi Mwanabaraka, na sauti yake ikashuka. "Nilikuwa hapo, ukuta mmoja, na sikuja."

Hapo Mwanawema alivunjika. Alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, bila kanga mdomoni, bila kujali watoto. Alilia uchovu wake, na alama za vidole, na uji uliopoa, na asubuhi zile zote. Alilia mpaka hakusikia kwamba kilio kingine mle chumbani kimenyamaza.

Mkono ukamgusa kichwani. Mkono mkavu, mwepesi.

Bi Time alikuwa amejiburura juu ya mkeka mpaka alipo. Alikuwa anamtazama kwa makini, kama mwenyeji anavyomtazama mgeni aliyekuja na msiba wake. Aliona chumba cha giza. Aliona mwanamke analia.

"Maskini," alimwambia Bi Mwanabaraka, "na mdogo hivi." Kisha akamwinamia Mwanawema. "Nani kakufia, mwanangu?"

Mwanawema akaficha uso mikononi.

"Basi, basi. Usiseme." Akamvuta kichwa, akakilaza pajani pake, akaanza kumpapasa nywele ambazo siku nyingi hazikusukwa. "Mie pia nilifiwa. Nilifiwa na mume, tena mzuri. Nikidhani sitatoka tena chumbani. Nimetoka. Eda ina mwisho, mwanangu. Utatoka, utapaka hina. Wewe lia leo, kesho ule."

Bi Mwanabaraka aliuma mdomo akaangalia pembeni. Halafu akaliendea gunia la dirishani akalinyofoa kwa mkono mmoja, na jua la asubuhi likaingia lote.

Walimtoa Bi Time siku hiyo hiyo, wakimshika huku na huku. Walimwogesha uani, na Bi Mwanabaraka akampaka mafuta ya nazi na kumvisha kanga ya rangi. Kwa mchele ule wa msibani walipika uji mwepesi wa nazi. Bi Time aliushika mdomoni kama kawaida yake, wote wawili wakimtazama koo, kisha akaumeza. Msellem, aliporudi na kukuta mwanamke wa chama kile amekaa ukumbini kwake anatwanga, hakuuliza kitu. Alisema tu, "Karibu, Bi Mwanabaraka," na baada ya sala ya alasiri akamwuliza Mwalim Silima msikitini, akaambiwa hivyo hivyo: eda ni siku.

Sitasema Bi Time alipona. Maradhi yale hayakuwa na njia ya kurudi, na miguu iliyovimba haikurudi kuwa ile miguu ya kutoroka. Tangu hapo alikuwa anakwenda kwa kushikwa, na kila alipomshika, Mwanawema alijua bei yake. Lakini alikula. Na asubuhi nne katika wiki Bi Mwanabaraka alivuka kizingiti akakaa naye, na Mwanawema akaenda shamba, au akalala tu, mchana kweupe, kama mtoto. Othman naye aliitwa kwa maneno ambayo hayaandikiki, na akaanza kuja kila Ijumaa ya pili kumwogesha mamake miguu.

Swali halikukoma. Siku ya kwanza lilimkuta Mwanawema anapepeta mchele.

"Pandu yuwapi?"

Hakusema shamba. Hakusema kaburini. Alikaa chini karibu naye.

"Unamtakia nini baba, mama?"

"Nimpe chai. Huwa hapendi ya baridi."

"Alikuwa anapenda ya namna gani?"

"Ya tangawizi!" Bi Time alicheka. "Kali, mpaka machozi yamtoke. Halafu anasema tia tena. Mtu yule! Unamjua lakini?"

"Namjua. Nisimulie."

Akamsimulia, na chai ikanywewa na wao wawili ikiwa moto, na asubuhi ile ikapita bila mtu kufa.

Basi mwenye mzee wa namna hii ndani, na aepuke haya:

Usimwambie msiba wa zamani kila anapouliza. Kwake ni mpya.

Usishindane naye kwamba kasahau. Hushindi.

Usimfungie chumbani, wala usimzibie dirisha.

Usimshike kwa nguvu ukiwa na hasira. Mwache, toka uani kwanza.

Neno la kisimani usilifanye dawa. Uliza anayejua, hata kama unaona haya.

Usimwachie mtoto mmoja wa kike peke yake, na nyie wengine mkaja siku ya sikukuu kulia.

Usinunie jirani kwa ajili ya chama.

Usiseme hukuchoka, nawe umechoka.